Kisiwa chenye kalenda tatu: upepo, mvua na mwezi vinavyopanga maisha ya Mafia

Kaa kwenye baraza yoyote pale Kilindoni, mji mkubwa wa kisiwa cha Mafia, uulize swali jepesi: msimu mzuri huku ni upi? Mvuvi wa mshipi atasema kaskazi hata hujamaliza kuuliza. Mama mwenye shamba la mwani atasema kusi, ila si kusi iliyochachamaa, ni kusi changa. Kijana wa dagaa atakujibu kwa neno moja: giza. Na bibi aliyeketi pembeni, mwenye kishamba cha mpunga huko kaskazini ya kisiwa, atawaacha wote wamalize kisha aseme masika. Mgeni huondoka akidhani watu wa Mafia hawapatani. Wanapatana sana. Kila mmoja amejibu kwa kalenda inayomlisha, na kisiwani kalenda si moja.

Hapo ndipo penye fundo. Sisi wa bara tunasema "majira" kana kwamba ni kitu kimoja: mvua ikinyesha ni majira haya, jua likiwaka ni majira yale. Kisiwani ziko kalenda tatu zinazokwenda bila kungojana: ya upepo, ya mvua na ya mwezi. Maneno tunayoyasikia tangu utotoni, yaani kaskazi, kusi, masika, vuli, kipupwe, demani, bamvua, hayamo kwenye mstari mmoja. Yametoka kwenye kalenda tofauti, na ndiyo maana yanamkanganya hata Mswahili wa mjini. Ukishazitenganisha, mengi yanafunguka: kwa nini watu wanahama, nani anakopa mwezi gani, na kwa nini mume na mke wa nyumba moja hawapati mapumziko wiki moja.

Mafia iko kwenye nyuzi 8 hivi kusini ya ikweta, mkabala na delta ya Mto Rufiji. Kisiwa kikubwa kina urefu wa karibu kilomita 50, na upande wake wa kusini-mashariki vimejipanga Chole, Juani na Jibondo. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 60,000 wilayani. Ukiacha ndege ndogo za kutoka Dar es Salaam, njia ya kwenda bara ni ya maji, kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, na njia hiyo ina tabia zake.

Upepo: upande upi wa kisiwa uko wazi

Nianze na upepo kwa kuwa ndio mkubwa wa zote. Katika Bahari ya Hindi upepo mkuu hugeuza uso mara mbili kwa mwaka, na chanzo chake kiko mbali, kwenye bara la Asia. Nchi kavu hupata joto upesi na kupoa upesi. Bahari huchelewa katika yote mawili. Ifikapo Desemba, Asia imepoa, hewa iliyo juu yake ni baridi na nzito, nayo inamiminika kusini kufuata sehemu zenye joto. Hiyo ndiyo kaskazi, ambayo Mafia huishi nayo mpaka Machi. Kuanzia Aprili mambo hupinduka. Asia inachemka, hewa yake inapanda juu, na hewa ya kusini mwa ikweta, ambako sasa ni majira ya baridi, inavutwa kujaza pengo. Hiyo ni kusi. Hutoka kusini-mashariki, hukaza Juni hadi Agosti, kisha hulegea taratibu, na huko kulegea kwake ndiko watu wa pwani wanakokuita demani. Kati ya upepo mmoja na mwingine kuna siku ambazo hakuna mwenye kauli: asubuhi unavuma huku, jioni kule, keshokutwa hakuna kitu. Hizo ni siku za tanga mbili, au maleleji.

Kaskazi na kusi si ndugu wa tabia moja. Kaskazi ni pole, bahari yake hutulia na maji hung'aa. Kusi inafika ikiwa imesafiri maelfu ya kilomita juu ya maji matupu, haijagusa hata jabali, na ardhi ya kwanza inayoikuta ni mwamba wa nje wa Juani na Jibondo. Mawimbi hupasuka pale usiku na mchana.

Mara nyingi utasikia ikisemwa kwamba kusi ni msimu usio na samaki. Sikubaliani na usemi huo, kwa sababu unaficha jambo lenyewe. Samaki wapo. Kinachokosekana ni njia ya kuwafikia. Kaskazi ikiingia, ngalawa ndogo yenye watu wawili inaweza kutoka mlangoni mwa ghuba ya Chole, ikavuka mwamba, ikawafuata nguru na jodari maji makuu, na jioni ikarudi salama. Kusi ikishika, ngalawa hiyohiyo haina pa kwenda isipokuwa ndani ya ghuba, au upande wa magharibi, kwenye mlango wa bahari kati ya kisiwa na Rufiji ambako kisiwa chenyewe kinaukinga upepo. Kwa hiyo kila mwaka bahari ya mvuvi mdogo inapanuka kisha inasinyaa. Mwenye mashua kubwa yenye injini anaumia kidogo. Mwenye mtumbwi anaumia sana.

Ukilielewa hilo unaelewa na ugomvi unaozuka kisiwani kuhusu sheria za uvuvi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995 na ambayo ni ya kwanza ya aina yake nchini, imegawa maji katika kanda: hapa pasiguswe kabisa, hapa pavuliwe kwa masharti. Ninaiunga mkono, maana matumbawe yale ni hazina. Lakini mipaka ya kanda hukaa palepale mwaka mzima, na bahari ya mvuvi haikai. Sharti analolivumilia Januari, akiwa na bahari yote mbele yake, linamkaba koo Julai, wakati kila mwenye mtumbwi amebanwa kwenye ghuba moja wakigombania changu, tasi na pono walewale. Mwenye kupanga sheria bila kuuliza upepo uko wapi anapima nusu ya jambo.

Kaskazi nayo inaleta watu. Wavuvi wa Unguja, wa Pemba, hasa wale wa Kojani wanaojulikana pwani nzima kwa kuhamahama, pamoja na wa bara, huja kupiga dago. Dago ni kambi ya uvuvi ya msimu: vibanda vya makuti na maturubai kwenye ufuko, mapipa ya maji ya kunywa yaliyopangwa kivulini, nyavu zimetandazwa, moto wa kukaushia samaki hauzimiki. Kijiji kilichokuwa kimya kinapata wateja wa mkate, wa mkaa, wa vocha na wa chai ya jioni. Kinapata pia magomvi ya zana, kwa sababu mgeni huja na nyavu zake na mwenyeji ana mwamba wake. Kusi ikinusa, vibanda hubomolewa, mashua zikaondoka, na kwa wiki chache kijiji hukaa kama nyumba iliyotoka kwenye harusi.

Chini ya upepo kuna kitu kingine ambacho wanamaji hawakisahau: mkondo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unapita Mafia ukielekea kaskazini mwaka mzima, haugeuki. Kusi ikivuma, upepo na mkondo vinasukuma upande mmoja, na maji huenda kasi sana. Kaskazi ikivuma, vinapingana, mkondo unapungua mwendo. Nahodha wa chombo cha tanga anayetaka kwenda Unguja au Mombasa wakati wa kusi anabebwa mgongoni na vyote viwili. Kurudi ni shughuli nyingine, lazima asubiri. Kusubiri huko ndiko kulikojenga miji ya pwani, kwa sababu mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi kutoka Arabuni au India alilazimika kukaa mpaka upepo ugeuke, na mtu akikaa miezi hupanga nyumba, hukopesha, huoa.

Asiyejua kusubiri alilipa. Vasco da Gama, nahodha Mreno, aliondoka Malindi Aprili 24, 1498, kusi ikianza, akafika Calicut, India, kabla mwezi mmoja haujatimia. Alipotaka kurudi hakuungoja upepo wake. Aliiacha pwani ya India mapema Oktoba, akanyongeka baharini karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wakafa kwa kiseyeye mmoja baada ya mwingine. Bahari ni ileile. Tarehe ndiyo iliyowaua.

Mvua si upepo

Kosa la kawaida ni kudhani masika ni jina jingine la kusi, au vuli ni mwanzo wa kaskazi. Zinagusana, lakini si kitu kimoja. Mvua inaletwa na ukanda unaozunguka dunia karibu na ikweta, mahali ambapo pepo za kaskazini na za kusini zinakutana, hewa ikakosa pa kwenda ila juu, ikapoa, ikamwaga maji. Ukanda huu unalifuata jua la utosi kwa kuchelewachelewa. Unapopita ukienda kaskazini, Machi hadi Mei, unatuachia masika. Unaporudi kusini, Oktoba hadi Desemba, unatuachia vuli, ambayo ni nyepesi na isiyotabirika. Kwa kuwa ukanda hupita pale pepo zinapobadilishana zamu, mvua kubwa huangukia siku za tanga mbili na kuingia kwenye kusi changa. Kipupwe, kwa upande wake, si upepo wala si mvua. Ni ubaridi wa Juni mpaka Agosti ulio ndani ya kusi. Kiangazi ni joto kavu lililo ndani ya kaskazi.

Masika ndiyo miezi ninayoihofia zaidi kwa ajili ya watu wa kisiwa, na ndiyo inayozungumzwa kidogo, pengine kwa sababu wageni hawapo. Hoteli nyingi hufunga Aprili na Mei. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huonekana karibu na Kilindoni tangu Oktoba hadi Machi akifuata uduvi na viumbe vidogo, hahudhurii tena, na mwenye boti ya kuwatembeza watalii anaiegesha. Bahari imeanza kuchafuka. Dagaa waliochemshwa wanahitaji jua la kukaushwa, nalo halipo. Wakinyeshewa juu ya chanja wananuka na kuharibika. Mwani nao hautaki maji ya mvua. Shambani mpunga bado ni majani. Kwa hiyo kalenda mbili zimefunga milango kwa pamoja, ile ya upepo na ile ya mvua, na nyumba inaishi kwa muhogo na kwa daftari la duka. Mvuvi humwendea tajiri anayemuuzia samaki, akachukua mchele kwa ahadi ya kaskazi ijayo. Akilipa kaskazi ikifika, anaanza kaskazi yenyewe akiwa na deni. Umaskini wa kisiwani, kwa macho yangu, una miezi yake. Anayetaka kuupima akija Januari atakuta kisiwa kimenawiri, akaandika ripoti isiyo ya kweli.

Lakini masika hiyohiyo ndiyo inayojaza matangi. Jibondo ni mwamba wa matumbawe, udongo wake ni haba na maji matamu ni ya taabu, hivyo kila bati na kila mfereji wa paa una thamani mvua inapokuja. Ndiyo inayopandisha mpunga pia, na mpunga unaleta kazi yake: ukianza kuchanua, watoto na wazee hupanda dunguni kuamia ndege tangu alfajiri, na usiku wanaume hukesha kwa ajili ya nguruwe. Mavuno hupatikana kipupwe kikishaingia, na hapo njaa inalegea.

Ni masika pia ambapo utakuta vyombo vimepandishwa ufukweni. Watu wa Jibondo wana sifa ya uundaji na utengenezaji wa vyombo, na kazi ninayopenda kuitazama ni ya kalafati. Fundi huchuchumaa ubavuni mwa mashua, ana pamba iliyosokotwa na kuloweshwa mafuta, ana patasi butu na nyundo. Anaisindilia pamba kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, kidogokidogo, ngo, ngo, ngo, akisogea shibiri moja kila mara. Halafu hupitisha kidole juu ya mwanya. Akikuta ulaini, hurudia. Hana haraka kwa sababu upepo wenyewe hauna haraka. Chombo hiki hakitahitajika maji makuu kwa miezi kadhaa, na mwanya mmoja uliosahaulika leo utaonekana siku kikiwa mbali na nchi.

Mwezi na maji

Kalenda ya tatu ndiyo yenye uhakika kuliko zote, na ndiyo inayowapangia wanawake kazi. Mwezi na jua vinayavuta maji ya bahari. Vikiwa kwenye mstari mmoja, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nguvu zao hujumlishwa: maji yanajaa sana na kupwa sana. Hiyo ni bamvua, na huku tofauti ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hukatana, maji yanapanda na kushuka kidogo tu. Hayo ni maji mafu.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi wa bara hawalijui na ambalo kwangu ni ufunguo. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hukauka kabisa katika saa zilezile, kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na tena usiku. Haijalishi ni Februari au Agosti. Sababu ni kwamba mwezi unapoandama au kuwa mpevu hupita juu ya kisiwa katika saa ileile kila mara, na maji huufuata kwa kuchelewa kulekule. Kila siku inayofuata kupwa huchelewa dakika 50 hivi, mpaka bamvua inakwisha. Kwa hiyo mwanamke wa pwani hahitaji saa wala ratiba iliyobandikwa. Akiutazama mwezi usiku anajua kesho atateremka lini, na wiki ijayo hatateremka kabisa.

Mtazame akiwa kazini. Maji yametoka, uwanja wa mchanga na nyasi za bahari uko wazi hadi karibu na mwamba. Amevaa kanga ya pili juu ya gauni, kiunoni amefunga mfuko wa vigingi. Kamba zimetandikwa kati ya kigingi na kigingi, na kila baada ya kiganja kuna kifundo kidogo cha uzi kinachobeba kitawi cha mwani. Anavunja tawi lililokomaa, anaacha kipande cha mbegu, anakifunga, anasogea. Mgongo haunyooki mpaka maji yaanze kumgusa magoti. Kilimo hiki kiliingia Zanzibar 1989 kwa mbegu za kutoka Ufilipino na kikashuka hadi Mafia, Jibondo na Juani zikiwemo. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, yaani bamvua tatu baada ya ile ya kufunga: mbili za kupalilia na kurekebisha, na ya tatu ya kuvuna. Ukichelewa bamvua moja umechelewa wiki mbili nzima.

Wavuvi wa dagaa wanausoma mwezi huohuo kinyume. Wanavua usiku kwa taa. Dagaa hufuata mwanga, na mwanga hauna nguvu pale mbalamwezi inapomulika bahari yote. Hivyo wanafanya kazi wakati wa giza na kupumzika siku za mwezi mpevu, wakishona nyavu. Sasa tazama nyumba moja. Mwezi mpevu: mke yuko mwambani kwa bamvua, mume wa dagaa yuko nyumbani. Mwezi ukiandama: bamvua na giza vimekuja pamoja, mume hayupo usiku, mke hayupo mchana, watoto wako kwa bibi. Mwezi nusu: mke yuko nyumbani na mume anatoka kwa kutegemea saa mwezi unapozama au kuchomoza. Nilipoanza kuuliza kwa nini mikutano ya kijiji, hata ile iliyoitishwa kwa nia njema kabisa, huhudhuriwa na wanaume leo na wanawake wiki nyingine, jibu lilikuwa angani.

Machi, kalenda zinapokutana

Mambo huwa mazito kalenda zote tatu zinapogongana siku moja, na mfano wake ulio wazi ni mwisho wa kaskazi. Jua la utosi limepita juu ya Mafia karibu na mwisho wa Februari. Bahari imekusanya joto la kiangazi chote na iko kwenye kilele chake, nyuzi 29 za selsiasi hivi, wakati Agosti ilikuwa karibu na 25. Upepo umekufa kwa kuwa ni tanga mbili, hakuna wa kuyakoroga maji wala kuyapoza. Na hapohapo, kwa kuwa Machi mchana na usiku vinalingana na jua liko juu ya ikweta, bamvua zake ni kubwa kuliko za miezi mingine. Maji yanatoka mbali zaidi, na yanatoka saa nne asubuhi, jua likipanda. Kile kidimbwi kinachobaki juu ya mwani kinachemka.

Mwani wa kottoni, unaolipa zaidi sokoni, ndio unaoumia kwanza. Matawi huwa meupe na laini, hukatika, kamba hubaki tupu. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, huvumilia, lakini bei yake ni ndogo. Ndiyo maana yule mama wa barazani alitaja kusi changa: maji yameanza kupoa na kukorogeka, na mawimbi bado hayajawa ya kung'oa vigingi. Wapo wanaohamishia mashamba maji marefu yasiyokauka. Ni wazo zuri, ila linataka chombo na kujua kuogelea, na wasichana wengi wa pwani yetu hawakufundishwa kuogelea. Jambo hilo linaniuma kila nikilifikiria. Bahari iko hatua chache kutoka mlangoni kwao.

Matumbawe nayo hupata mtihani huohuo. Mwaka 1998, baada ya El Niño iliyoanza 1997, joto la Machi na Aprili lilizidi kiasi. Matumbawe yakapauka, na mwamba wa Tutia, kusini ya Mafia, ulipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake. Samaki wanaoishi humo ndio wale ambao ngalawa ndogo huwategemea kusi inapofunga maji makuu, kwa hiyo joto la Machi linaweza kuonekana kwenye sufuria ya Julai.

Ramadhani inayosafiri, na mwaka wa Nairuzi

Juu ya hayo yote inapita kalenda ya Kiislamu, ambayo ni ya mwezi mtupu na hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Ndani ya miaka 33 Ramadhani huwa imezunguka misimu yote. Ikiangukia Juni, mchana wa Mafia ni mfupi kuliko wa Desemba kwa karibu saa nzima na hewa ni ya ubaridi, lakini bahari ni kali na futari ya samaki ni haba. Ikiangukia kaskazi, samaki wapo, kiu nayo ipo. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na Desemba. Harusi huwahi kabla ya mfungo au hungoja mfunguo mosi, na ziada ya hapo hutegemea kama fedha ya kaskazi imeshaingia. Kwa hiyo hata umri wa ndoa za rika fulani una uhusiano na mahali Ramadhani ilipokuwa miaka ile.

Wazee wa pwani walihitaji kalenda inayokaa na jua, ndipo wakashika Nairuzi, siku ya mwaka, ambayo Makunduchi kule Unguja huiadhimisha kwa Mwaka Kogwa kila Julai. Kutoka siku hiyo manahodha walihesabu miongo, siku kumi kumi, wakajua mwongo gani upepo unageuka. Mwaka huo una siku 365 bila siku ya ziada, hivyo huteleza siku moja kila miaka minne. Katika miaka 100 umeteleza 25. Kizazi kimoja hakikuona tofauti kubwa, na kila kizazi kilirekebisha kidogo hesabu kilizorithi.

Kinachoteleza sasa

Siku hizi kuna mteleko wa namna nyingine, na haurekebishiki kwa kuhesabu. Mwezi haujabadilika. Kupwa kwa bamvua bado ni saa nne asubuhi. Upepo bado unageuka. Kilicholegea ni mvua na joto. Vuli inategemea sana kama upande wetu wa Bahari ya Hindi umepata joto kuliko upande wa Indonesia: ukipata, mvua huwa kubwa kama 1997 na 2019, usipopata, vuli hupita na wingu tupu. Bahari inavyozidi kupata joto, kile kidimbwi cha Machi kinazidi kuchemka katika saa ileile.

Na Mei 4, 2024 Kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Vimbunga huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili vijisokote, na msukumo huo ni dhaifu karibu na ikweta, ndiyo maana visiwa vyetu huepushwa mara nyingi. Unguja ilikumbwa na kimoja Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu yake mingi. Hidaya kilipofika nguvu zilikuwa zimepungua, tena kilitangazwa mapema, lakini kilifika mwanzoni mwa kusi, majira ambayo hakuna mzee angekitarajia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita 2, nazo hufika kwenye simu na redio hadi Jibondo. Ningependa ziende hatua moja mbele: ziseme upande upi wa kisiwa, na maji yatakuwa wapi saa hiyo. Mawimbi ya mita 2 si habari moja kwa mwenye mtumbwi wa ghuba ya Chole na kwa mwenye mashua ya upande wa Kilindoni.

Safari ya Nyamisati inaonyesha kwa nini. Barabara ya kufika pale, kwa miaka mingi, ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika: hiyo ni mvua. Gati liko ndani ya mkono wa delta, na boti nyingi hungoja maji yajae ndipo zielee: huo ni mwezi. Ukishatoka mdomoni mwa mto, kama abiria watakaa wima au watalala sakafuni wameshika ndoo, hilo ni la upepo. Basi mama anayempeleka mtoto nyumbani Mafia mwezi Juni hufika gatini asubuhi na mapema, hutandika kanga, hukaa. Hakuna wa kumuuliza boti inaondoka saa ngapi. Anatazama mikoko, pale alama ya tope inapoishia kwenye mizizi, na maji yakiifikia anaanza kumwamsha mtoto.